Prosesa Iliyooshwa kwa Mafuta ya Taa

5 Februari

Mwanangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, umekula, na umenyoa. Kwenye picha uliyotutumia mwisho ulikuwa na ndevu za mtu anayetafutwa na polisi, nikaificha wageni wasiione. Huku hatujambo. Binti yangu amehamia kule mumewe alikopata kazi, amejifungua mtoto wa kike na kumpa jina langu. Kwa hiyo sasa niko wawili duniani, na hakuna hata mmoja wetu anayepata usingizi. Mlango wa bafu la uani umetengenezwa. Yule paka mwizi ameondoka mwenyewe bila kuaga, kama watu fulani.

Kaka yangu, yaani baba yako, hajambo. Zaidi ya hapo siandiki, kwa sababu uliniomba nisiandike habari zake, na mimi ni mtu wa neno langu ingawa ulimi unaniwasha.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kompyuta inayoendesha mashine ya kudarizi imekufa. Nilikuwa katikati ya nembo, nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, nikadhani ni pasi. Kijana mmoja wa mtaa wa pili anayetengeneza redio aliifungua, akasema mazabodi imeungua, ile bodi kubwa ambayo kila kitu kimechomekwa juu yake. Vidude fulani vya duara vimevimba na kupasuka. Lakini prosesa, kile kibamba kidogo anachokiita ubongo wa kompyuta, anasema huenda ni nzima. Ushauri wake ni nitupe yote ninunue kompyuta mpya. Nilikwenda nikazitazama hizo mpya. Mashine yangu ina waya mnene wenye plagi pana ya meno mengi, na hakuna hata moja kati ya hizo mpya yenye tundu la kuipokea. Muuzaji aliitazama plagi yangu kama nimemletea mfupa.

Wewe unashinda ndani ya hivyo vitu. Nitafutie bodi ya umri wa kati, yenye tundu la ile plagi pana, na itakayokubaliana na prosesa yangu ya zamani. Shule imeniletea masweta ya kutiwa nembo kabla muhula ujao haujafunguliwa. Kwa mkono siwezi tena, mwanangu. Nikishika sindano kwa muda kidogo mkono unatetemeka, na nembo inatoka kama imedariziwa ndani ya gari. Mashine ikishindikana nafunga kazi, naenda kukaa kwa binti yangu. Ameshaniita. Na nikienda, uani atabaki mtu mmoja tu, na unamjua.

Usinipigie simu. Masikio yangu yamegoma, na simu yangu ya vitufe haipokei picha. Niandikie. Barua haikatiki katikati.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimenyoa. Nimekula pia, ingawa aliyepika ni mimi, kwa hiyo usifurahi sana. Mpongeze dada kwa mtoto. Mwambie jina zuri ila tabia atafute kwingine.

Kazini hakuna jipya. Duka letu bado liko chini ya ghorofa, halina dirisha, na mvua ikinyesha tunaijua kwa viatu vya wateja. Tunauza vipuri vya kompyuta zilizotupwa na maofisi. Bosi wangu hatupi kitu. Juzi nilimkuta anapanga skrubu kwa urefu.

Nimeshapata bodi. Ina lile tundu pana, haijavimba popote, na soketi yake, yaani pale prosesa inapokaa, ni ya prosesa zenye miguu, vile visindano vya chini, kama zilivyo za umri wa yako. Lakini usianze kushangilia. Kukaa ni jambo moja na kutambulika ni jambo jingine. Kila bodi ina programu ndogo ndani yake, ndiyo inayoamka kwanza umeme ukiingia, na programu hiyo ina orodha ya prosesa inazozijua. Prosesa inaweza kutulia kwenye soketi kama kidole kwenye pete, halafu bodi isiitambue, na skrini ikabaki nyeusi. Watu wengi wanatupa vitu vizima kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma chochote lazima niangalie kwenye orodha ya waliotengeneza bodi hii kama prosesa yako imo. Kwa hilo nahitaji namba yake. Iko juu, kwenye kile kifuniko cha chuma, imeandikwa kwa maandishi madogo. Vaa miwani, nakili kila herufi hata kama hazina maana, nitumie.

Salamu kwa wote wa uani isipokuwa mmoja. Najua utanuna, lakini mimi sikumfukuza mtu. Yeye ndiye aliyesema kazi ya kukaa kitini si kazi, na kwamba nikitoka gerejini kwake nisirudi kumwonyesha sura. Basi namtii. Mtoto mtiifu kama mimi atampata wapi?

Mpwa wako

4 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima. Mvua imeanza, na bati la juu ya mashine linavuja tone moja moja, nimeweka sufuria.

Namba haipo.

Usikasirike kwanza, soma. Yule kijana wa redio alikata tamaa akaondoka na skrubu zangu mbili. Nikapata fundi mwingine, wa karibu. Ni mtu mzima, mkono wake mzito lakini anajali. Ndiye aliyeitoa prosesa. Akaikuta juu ina uchafu wa kijivu umeganda, akasema kitu hakionyeshwi watu kikiwa kichafu namna ile. Akakilowesha kwenye mafuta ya taa, akasugua kifuniko kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa. Sasa unaweza kujitazama uso. Ila namba imeondoka na uchafu.

Nilipomsomea barua yako, pale pa namba alivua kofia akakaa kwenye ndoo. Nilimwonea huruma. Mtu amefanya kazi safi, kumbe usafi ndio umeharibu.

Basi nimeona heri nikutumie prosesa yenyewe uione kwa macho. Fundi wangu ameifunga vizuri, nimeikabidhi ofisi ya vifurushi ya mabasi. Kama inaweza kujulikana bila namba, ijue. Kama haiwezi, niambie ukweli mapema nianze kupanga nguo zangu.

Umeniuliza kwenye mstari wa mwisho swali kuhusu mtoto mtiifu. Nina jibu, lakini nimefungwa mdomo na wewe mwenyewe.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hapa nasi tuna mvua, viatu vya wateja vimetujazia tope.

Kifurushi kimefika. Ndani ya karatasi nilikuta kopo la bati. Ndani ya kopo, pamba. Ndani ya pamba, prosesa, imefungwa mkanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi. Na kifuniko chote kimepakwa grisi ya beringi, nadhani kisipate kutu njiani. Bosi wangu alinusa kutoka upande wa pili wa duka, akauliza, "Hiyo imetoka kwenye kompyuta au kwenye lori?"

Duniani namjua mtu mmoja tu anayeosha kila kitu kwa mafuta ya taa, na kukipaka grisi, na kukifunga kwa mpira wa tairi. Alinifunga hivyo hivyo kidole nilipojikata nikiwa mdogo. Sitamtaja. Wewe umemwita fundi wako, nami nitamwita hivyo hivyo.

Nilikasirika kwanza. Nilisema umenichezea, wewe na yeye. Halafu nikalinusa lile kopo tena, nikajikuta nimeketi nalo mapajani, sina hasira yoyote. Harufu ile ndiyo harufu ya nyumbani, Shangazi, nifanyeje.

Turudi kazini. Kuna bodi ya kujaribia hapa dukani inayozijua prosesa nyingi za zamani. Nimeisafisha yako, nimeiweka, nikawasha, na skrini ikaiandika jina lake kamili. Kwa hiyo ni nzima na tunaijua. Miguu miwili ya pembeni ilikuwa imewahi kupinda na mtu ameinyoosha, nadhani kwa sindano ya kudarizi. Imenyooka kuliko ambavyo ningeinyoosha mimi. Mwambie fundi wako nimesema hivyo.

Sasa jambo lenyewe. Kwenye orodha ya bodi niliyoipata, prosesa yako imo, lakini mbele yake wameandika mpaka wa toleo. Maana yake, zamani bodi hii ilikuwa inaitambua. Baadaye wenye kiwanda wakatoa programu mpya, na ili prosesa mpya zipate nafasi wakazifuta baadhi ya zile kuukuu. Bodi yetu ina hiyo programu mpya. Nikiiweka yako leo, itakaa na haitatambulika.

Dawa ipo, ni kuirudisha programu nyuma. Lakini ili niirudishe lazima bodi iwake, na haiwaki bila prosesa inayoijua. Nitaazima moja hapa dukani, niwashe, nirudishe toleo la zamani, kisha niitoe. Bosi amekubali nifanye siku duka likiwa limefungwa. Amesema nikiiharibu bodi nitapanga skrubu maisha yangu yote.

Mpwa wako

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na asante kwa kutonuna muda mrefu. Mjukuu wangu ameanza kucheka. Binti yangu ameandika kwamba chumba changu tayari kina pazia.

Nilimsomea fundi wangu barua yako. Ilipofika pale pa miguu iliyonyooka, akasema hakusikia vizuri, nirudie. Nikamuuliza mimi kiziwi au yeye? Akasema ni kelele za mashine. Mashine imekufa, kelele gani? Nikarudia. Akasema "hm", akatoka nje, akarudi, akauliza kama kuna kingine umesema kuhusu miguu.

Pale pa prosesa kuukuu kufutwa ili mpya zipate nafasi, alinizuia nisiendelee. Akauliza, "Na hiyo bodi, ikirudishwa nyuma, itaikumbuka kweli?" Nikamwambia mwanangu anasema dawa ipo. Akasema, "Basi kama yeye amesema."

Sasa sikiliza. Ulinifunga mdomo, nami leo naufungua, maana umeanza kumtaja wewe mwenyewe kwa harufu. Gereji aliiuza. Mgongo ulimwangusha akiwa chini ya gari, na daktari akamkataza kunyanyua hata ndoo. Aliyeinunua anauza magodoro. Baba yako amebaki na sanduku moja la spana. Kila asubuhi anazitoa, anazifuta moja moja, anazirudisha. Hana anachofungua. Nilipompa hii kompyuta, alinawa mikono kabla ya kuigusa. Sijawahi kumwona ananawa kabla ya kazi, siku zote ni baada.

Hajaniambia nikuandikie haya. Akijua atanipasua. Lakini nikiondoka hapa kwenda kwenye chumba chenye pazia, nani atamsikia akianguka? Mimi nasikia nusu, naye nusu, ndiyo tunakamilisha mtu mmoja.

Mwalimu mkuu alipita. Ni mama mpole, na upole wake unanitisha zaidi. Alishika masweta, akasema ataniachia mpaka shule zifunguliwe, baada ya hapo itabidi ampe mwingine. Kwa hiyo usilale.

Shangazi yako

27 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo, na unisamehe kukawia. Sikuwa mgonjwa. Habari ya gereji ndiyo iliyonichelewesha. Miaka yote hii nimekuwa namnunia mtu anayefungua mlango wa chuma kila asubuhi, anafokea wasaidizi, ananuka dizeli, hana haja na mimi. Kumbe mtu huyo hayupo. Yupo mwingine, anafuta spana. Nilianza barua nne nikazichana. Hii nimeamua niandike habari ya kazi tu, mengine yatafute njia yenyewe.

Bodi imerudishwa toleo la zamani. Niliwasha, nikaiweka prosesa yako, na imetambulika. Niliiacha imewaka siku nzima nikiitazama kama mtoto mchanga. Ni nzima, Shangazi.

Naituma bodi ndani ya boksi, na prosesa peke yake ndani ya lile lile kopo. Safari ni ndefu na basi linaruka, kwa hiyo sikuifunga juu ya bodi. Fundi wako ataifunga huko. Mwambie hivi.

Pembeni mwa soketi kuna kijiti cha chuma, akinyanyue mpaka kisimame. Kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya rangi ya dhahabu, na kwenye soketi kuna nyingine. Zikutane. Kisha aiweke na kuiachia. Isisukumwe hata kidogo, iingie kwa uzito wake. Ikikataa, kona imekosewa. Ikikaa, ashushe kijiti.

Juu yake aweke pesti ya joto niliyoiweka kwenye kifuko, ile inayopitisha joto la prosesa kwenda kwenye feni, kiasi cha punje moja ya mchele, kisha afunge feni. Narudia, pesti, na si grisi ya beringi. Namjua, ataona punje moja ni uchoyo. Asiongeze.

Msalimie. Nimeandika msalimie, umesoma vizuri.

Mpwa wako

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Boksi limefika salama. Salamu nimezifikisha. Alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe, akasema "ameandika mwenyewe?" Nikamwonyesha mstari. Aliusoma akiwa amesogeza karatasi mbali na macho, kwa sababu miwani hataki kuivaa.

Alifanya kila kitu ulivyosema. Nilimshikia tochi. Prosesa ilipoingia yenyewe bila kusukumwa, alicheka kidogo, akasema, "Hata pistoni haisukumwi, ukiona unasukuma ujue umekosea." Pesti aliipima na punje halisi ya mchele, akaiweka pembeni yake alinganishe.

Halafu akaniuliza kwa nini hukuifunga huko huko. Nikamwambia safari, basi linaruka. Akaendelea kufunga feni. Kisha akasema, "Giaboksi tulikuwa tunaisafirisha ikiwa imefungwa." Nami nakuuliza vile vile, maana mimi si mjinga.

Lakini mwanangu, haiwaki. Feni inazunguka, taa ndogo inawaka, skrini nyeusi tii. Amezima na kuwasha mpaka nikamwomba aache. Amekagua waya zote. Zote zimeingia isipokuwa plagi moja ndogo ya mraba, ambayo haikupata tundu la saizi yake, akaifunga pembeni kwa mpira isining'inie.

Anasema ameiua. Anasema kijana ameituma nzima na yeye ameiua kwa mikono yake, kama alivyozoea kuharibu. Leo hajatoa spana nje. Chakula amekigusa akakiacha. Nimemwambia ni chuma tu, tutapata kingine. Akanijibu, "Si chuma." Najua si chuma. Hata mimi nimelia, nikiwa peke yangu, kwa ajili yake zaidi kuliko masweta.

Shule zinakaribia kufunguliwa. Kama ni mwisho, ni mwisho, niambie.

Shangazi yako

15 Mei

Shangazi, hii nimempa dereva wa basi mkononi ili isilale ofisini. Si yako. Mpe mwenyewe aisome, na umvalishe miwani kwa nguvu.

Baba,

Shikamoo.

Hujaua kitu. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu jambo hili likipita kwa Shangazi litaongezwa chumvi.

Ile plagi ndogo ya mraba ndiyo inayoipa prosesa umeme wake. Bila hiyo feni itazunguka na skrini itabaki nyeusi, kama ulivyoona. Karibu na prosesa, pembeni mwa bodi, kuna tundu lenye vijishimo vinane. Plagi yako ina vinne. Ndiyo maana uliona si saizi yake. Nakujua, kitu kisichojaa tundu hukichomeki, na kwenye gari una haki. Hapa inaruhusiwa. Prosesa yako ni ndogo, haili umeme mwingi, vinne vinaitosha. Tazama umbo la vijishimo, kuna upande mmoja tu ambapo meno yanaingia bila kulazimishwa. Mimi ndiye niliyesahau kuandika hilo. Mtu mwingine angesukuma popote akaunguza. Wewe uliifunga kwa mpira ukaiacha, na ndiyo sababu mpaka sasa ni nzima.

Umeuliza kwa nini sikuifunga huku. Ningeweza. Nilishaifunga, ilikuwa imewaka siku nzima, nikaifungua tena. Nilitaka mkono wako uingie humo. Nilipoona ile miguu uliyoinyoosha, nilitamani kuwa na kazi moja ambayo tumeifanya wote wawili, hata kama mmoja yuko huku na mwingine huko.

Nimekukumbuka, Baba. Nimeiandika kwa kalamu ya wino, haifutiki.

Chomeka plagi.

Mwanao

24 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Barua niliipata. Nilichomeka plagi kwenye vile vinne. Iliingia bila kulazimishwa. Nikawasha. Skrini iliandika jina la prosesa, halafu maneno mengine, halafu ile picha ya programu ya kudarizi ikatokea. Shangazi yako alilia, akasema ni vumbi.

Masweta yanaendelea. Mimi ndiye ninayebadilisha uzi, kwa sababu mkono wake hautulii. Sindano za mashine hii zinataka mafuta kidogo, na nimeweka ya cherehani, si ya gari, usianze maneno. Mwalimu mkuu alikuja, akachukua fungu la kwanza. Shangazi yako amemwandikia binti yake kwamba pazia walitumie kwa jambo lingine.

Barua yako nimeisoma. Ninayo.

Kuna tatizo moja. Feni ya prosesa inatoa sauti. Si kubwa. Inakuja na kupotea. Nimejaribu kukuandikia ni sauti ya namna gani nikashindwa, kwa sababu sauti ya mashine haiandikiki. Gari likilia, ama unalipeleka kwa fundi, ama fundi analifuata. Hii haiwezi kusafiri, kwa kuwa imeshafungwa. Na mimi feni za kompyuta sizijui, ningeweza kuipaka kitu ambacho hakitakiwi.

Kwa hiyo inabidi aje mtu anayejua, akae hapa siku kadhaa aisikilize vizuri. Mimi nadhani si tatizo la kumaliza kwa siku moja. Kitanda chako nimekaza bolti zake.

Baba yako

Mwanangu, mimi shangazi. Nimepewa bahasha hii niibandike, nami nikaisoma kwanza kama kawaida yangu. Nilipoona habari ya sauti nikashtuka, nikaweka mkono juu ya kompyuta, nikaona imetulia. Kwa kuwa masikio yangu hayaaminiki nikamwita mke wa jirani, akainama hapo muda mrefu, naye hakusikia kitu. Feni ni nzima kabisa. Njoo upesi uitengeneze.